Bibi naye ana ratiba yake

Mtaani kwetu ni wachache wanaolijua jina langu. Nilipoolewa niliitwa mke wa mwalimu, nilipojifungua nikawa Mama Neema, na sasa, nikiwa na miaka 61, hata kondakta wa daladala ananiita bibi. Ni majina ya heshima na ninayapenda. Ila yote yanaeleza mimi ni nani kwa mtu mwingine.

Huenda ndiyo maana navutiwa na filamu za wanawake watu wazima wanaoanza jambo jipya. Ninayoipenda zaidi ni ya Kihindi, English Vinglish, ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Gauri Shinde. Marehemu Sridevi, aliyerudi kwenye filamu baada ya miaka 15, anaigiza Shashi, mama wa nyumbani anayepika na kuuza laddoo. Binti yake anamwonea aibu kwa kutojua Kiingereza, na mumewe hutania kwamba mkewe alizaliwa kupika laddoo. Akiwa New York kwa maandalizi ya harusi ya binti wa dada yake, Shashi anajiandikisha kwa siri katika darasa la Kiingereza la wiki nne. Huko mwalimu anamwambia kwamba yeye ni mjasiriamali. Kazi ni ileile. Nyumbani ilionekana mapishi tu.

Nyingine ni Gloria, ya Chile, ya mwaka 2013. Gloria, aliyechezwa na Paulina García, ana miaka 58, ameachika na watoto wake ni wakubwa. Anakwenda kwenye kumbi za muziki, anapata mwanamume, lakini mwanamume huyo hawezi kuacha kupokea simu za mtalaka wake na mabinti zake. Mwishoni Gloria anacheza muziki peke yake, na anaufurahia.

Wenzangu wa kikoba wananiambia hayo ni mambo ya watu wenye pesa. Nawakumbusha kwamba ada ya darasa Shashi aliilipa kwa fedha za laddoo. Fedha kidogo wengi wetu tunazo. Tusichokuwa nacho ni saa mbili ambazo hakuna mtu anayetuhitaji.

Nasema hivi kwa sababu jambo hili limeingia nyumbani kwangu. Gari la marehemu mume wangu limeegeshwa chini ya mwembe tangu alipofariki, na watoto wanataka liuzwe. Mimi nimejiandikisha shule ya udereva.

Wakati huohuo, binti wa kazi wa Neema aliondoka ghafla. Neema anatoka kazini jioni, na mwanawe bado hajaanza shule. Shida yake ni ya kweli. Mjukuu ni wangu, na nimekubali kukaa naye. Lakini nilimwambia kwamba Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja, atafute mtu mwingine.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Mama, kwa umri huu gari la nini?”

Nikamjibu: la kwenda sokoni, la kwenda kliniki, na la kwenda Bagamoyo kumwona mama yako mkubwa bila kumsubiri mtu anipeleke.

Hakufurahi, na sikutarajia afurahi siku hiyo. Wiki iliyofuata alimpata jirani wa kumsaidia siku hizo mbili. Tulichokuwa tunagombania kilikuwa saa nne tu kwa wiki.

Wewe unayesoma ukurasa huu na mama yako yuko hai, kabla ya kumpangia kazi ya kulea, muulize kwanza wiki yake imekaaje. Na wewe mama mwenzangu, ukiulizwa, usijibu “sina kazi yoyote”. Taja siku na saa.

Mimi bado klachi inanisumbua, hasa kwenye mlima. Mwalimu anasema nitazoea.