Mvua Zikitangazwa, Usisubiri Bwana Shamba Akufuate

Leo tuweke pembeni viwavijeshi na mbolea. Nataka nikueleze jambo lililonikuta mwenyewe, kwa sababu sitaki lijirudie kwako.

Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilitangaza kwamba mvua za vuli zingekuwa juu ya wastani kwa sababu ya El Nino. Taarifa ilinifikia. Niliisoma kwenye mkutano wa kijiji, tukiwa na watu 14, kisha nikaandika kwenye ripoti yangu ya mwezi, "Elimu imetolewa." Nikaendelea na ratiba nyingine.

Novemba mto ukafurika usiku. Asubuhi nilimkuta bibi mmoja ameketi juu ya kinu, magunia yake manane ya mpunga yameloa yote. Aliniuliza, "Bwana shamba, wewe ulijua?"

Nilijua. Yeye hakujua, maana siku ya mkutano alikuwa shambani.

Kosa la pili lilikuja kwenye tathmini. Tuliandika majina kwa kufuata wenye mashamba. Bibi yule alikuwa amekodi, kwa hiyo ekari zake mbili zikaandikwa kwa jina la mwenye shamba. Tulipokuja kusahihisha, mgao wa kwanza wa unga na maharage ulikuwa umeshatolewa. Majirani walimchangia wakati sisi bado tunarekebisha karatasi.

Ndiyo maana nataka ujue kazi hizi zinavyogawanywa. TMA inatoa utabiri na tahadhari. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, kuna kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata hadi kijiji. Uratibu wa kitaifa uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) unatunza nafaka ya akiba. Likitokea janga kubwa, vyombo vya ulinzi navyo huingia, kama tulivyoona Hanang baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 yaliyoua watu zaidi ya 80.

Lakini angalia: msaada wote huo hutegemea taarifa inayotoka chini. Wilaya haiwezi kuomba chakula cha kaya ambayo kijiji hakijaiandika. Na afisa wa wilaya hajui nani analala bondeni, nani ana mtoto mchanga, nani hawezi kutembea. Unayejua ni wewe na mwenyekiti wako wa kitongoji.

Jambo jingine: msaada wa maafa si fidia. Utapata chakula, blanketi, pengine mbegu. Hakuna atakayekulipa magunia yako manane. Kwa hiyo fanya haya mapema:

1. Uliza kwenye mkutano wa kijiji: wajumbe wa kamati yetu ya maafa ni akina nani? Mkikubaliana, chagueni pia sehemu ya juu ya kukimbilia na mtu wa kupiga filimbi usiku.

2. Andikisha ekari na mazao yako, hata kama umekodi. Makubaliano ya kukodi yawe kwenye karatasi, na nakala ibaki kwa mtendaji.

3. Hamisha akiba ya chakula na mbegu kutoka bondeni kabla mvua hazijakolea. Gunia likae juu ya chaga, lisikae sakafuni. Usiweke akiba yote kwenye ghala moja.

4. Mfanyabiashara, piga picha ya mzigo ulionao na ya daftari la madeni, umtumie ndugu aliye mbali. Daftari likisombwa na maji, umepoteza mtaji mara mbili. Ulizia pia bima mapema. Hakuna atakayekukatia bima maji yakiwa mlangoni.

5. Ukipata hasara, toa taarifa kwa mtendaji siku hiyo hiyo. Orodha ikibandikwa, nenda ukaisome mwenyewe. Jina lako lisipokuwepo, sema kabla haijapelekwa kata.

Kwa upande wangu, sitegemei tena mkutano mmoja. Tahadhari ikitoka naipeleka kwa wenyeviti wa vitongoji, naomba itangazwe msikitini na kanisani, na siku ya gulio naisoma kwa kipaza sauti cha muuza nguo. Na fomu yangu ya tathmini sasa inauliza nani amelima, siyo shamba ni la nani tu.

Bibi yule bado analima. Vuli iliyofuata alikuja ofisini mwenyewe, kabla sijamfuata, akauliza TMA wamesemaje. Nawe fanya hivyo. Mlango wa ofisi uko wazi, na kama sipo, mtendaji ana namba yangu.