Geji Haisemi Joto

Baba ameendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma tangu sijazaliwa. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa mitambo. Injini ya dizeli tunaijua sote, ila kila mmoja ameingia kwa mlango wake.

Mwaka huu tajiri wake alitaka lori lipande Kitonga haraka zaidi. Fundi akashauri pampu ifunguliwe ili dizeli iingie kwa wingi, na turbo iongezewe presha. Baba akanipigia simu: "Mwanangu, wewe unayesomea haya mambo, pistoni zitavumilia?"

Nilimweleza hivi. Turbo ikibana hewa, huipasha moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa hadi presha mara mbili, kwa turbo ya kawaida hutoka na nyuzi kama 125. Geji inasema mara mbili, lakini hewa moto hutanuka, kwa hiyo hewa inayoingia kwenye silinda imeongezeka mara moja na nusu tu. Ikipita kwenye intakula ikapoa hadi nyuzi 50, inakaribia mara 1.9. Turbo ni ileile na presha ni ileile.

Ukimwaga dizeli kwa kuamini geji peke yake, inayokosa hewa hutoka moshi mweusi, na joto ndani ya silinda hupanda. Aluminiamu ya pistoni hulegea mapema kabla ya kufika joto la kuyeyuka. Kitonga lori hutambaa kwa gia nzito, upepo wa mwendo ni mdogo. Intakula iliyoziba vumbi haifui dafu pale.

"Kabla hamjagusa pampu," nikasema, "osheni intakula, kagueni mipira yake kama inavujisha hewa, halafu pimeni joto la moshi wa ekzosi."

Akanyamaza kidogo. "Ndiyo maana usiku linapanda vizuri."

Alikuwa analijua miaka yote. Mimi nilimwongezea namba tu, na namba hizo ndizo alizompelekea tajiri.

Tajiri hakufurahi. Madereva wanaosubiri lori ni wengi, na baba anajua hilo kuliko mimi. Hata hivyo pampu haijaguswa hadi leo. Intakula imeoshwa, na baba aliiosha mwenyewe.