Injini ya Mtumba

Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hupata riziki yake barabarani. Injini ya mtumba huuzwa hapa imeoshwa ikang'aa, nami mng'ao huo siupendi, maana sabuni huficha mahali oili ilipovuja. Fundi mwaminifu hufungua kwanza kifuniko cha oili: akiona utando mweupe kama maziwa, hushuku kuwa maji yamepenya ndani. Kisha huzitoa plagi, akayatazama masizi yake, akaizungusha injini kwa stata na kupima mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikipungua sana chini ya nyingine, urahisi wa bei hauna maana tena. Muuzaji ataapa. Lakini mtu aliyeuza ng'ombe wake apate injini hiyo ana haki ya kungoja kipimo kabla hajatoa fedha.