Kivuli cha Ploti Pia ni Bustani

Wasee, tuongee ukweli. Ukiingia TikTok, kila bustani ni ya mtu mwenye ua mkubwa na nyasi kama uwanja wa gofu. Sisi wa Nyalenda tuna nini? Safu mbili za vyumba vya mabati, katikati kijia chembamba, na jua linapita hapo saa sita mchana tu, kama mgeni. Mvua ikinyesha, maji ya paa yanachimba udongo na matope yanaruka hadi mlangoni.

Hapo ndipo nimepanda spaida planti. Tulia, si dek! Najua huku Kisumu ukitaja hilo jina mtu anawaza mboga ya Kibuye na maziwa. Hii ni ile nyingine, ya majani marefu membamba, kijani na mstari mweupe. Tunaiona kama ya wazungu kwa sababu inakaa kwenye maofisi, lakini asili yake ni hapa Afrika.

Kivuli inakipenda; jua kali ndilo linaichoma. Inatoa vikonyo virefu vyenye vitoto mwishoni, na kitoto kikigusa udongo kinashika mizizi. Mizizi ni minene, inaweka maji, kwa hivyo ukisahau kumwagilia siku mbili tatu haifi. Udongo wetu mweusi unashikilia maji sana, changanya na mchanga kidogo isije ikaoza. Na giza tupu pia hapana. Ule mstari mweupe hautengenezi chakula, ni ile sehemu ya kijani inapikia jani lote. Ipande mahali mwanga unafika.

Mimi nilipewa vitoto vitatu bure na mama jirani. Sasa vimefunika chini ya ukuta, na matope yamepungua.

Sasa maoni yangu. Kuna mmea mwingine watu wanaushobokea, wa mistari ya fedha na zambarau, unatambaa kama una haraka. Ni mzuri, sikatai. Lakini umetoka Mexico na Amerika ya Kati, kipande kidogo cha shina kinatosha kuota tena, na Afrika Kusini uko kwenye orodha ya mimea vamizi. Nyalenda tunajua mtaro unaenda wapi: Auji, halafu ziwani.

Gugumaji nalo lilitoka Amerika Kusini, watu wakalibeba huku na kule kwa sababu ya ua lake zuri. Tangu miaka ya 1990 linatusumbua. Muulize mvuvi wa Dunga siku limeziba ufuo na boti haitoki.

Kwa hivyo panda, bana, hata kama una futi mbili tu za kivuli. Lakini anza na mmea wa nyumbani. Na kama tayari uko na ule wa zambarau, ukiupunguza anika vipande juani mpaka vikauke kabisa. Usitupe mtaroni. Ziwa limeshapokea maua mazuri ya kutosha.