Siku niliposhuka mtumbwini Nzilo



Sisi tuliokulia Musumba, kwa Mwant Yav, tumezoea maji ya mto. Kwenye kivuko chetu mtumbwi ni mmoja: unavuka, unarudi, wengine wanangoja. Likizo iliyopita nilikwenda Kolwezi kwa dada yangu pamoja na mtoto wangu wa miaka sita, naye akatupeleka ziwa Nzilo, kusalimia shangazi yake mume wake ng'ambo. Ziwa hilo ni mto Lualaba wenyewe, uliozuiwa kwa ukuta mwanzo wa miaka ya 1950 ili kupata umeme wa migodi.

Ilikuwa Jumapili, na maji yalikuwa kama njia ya sokoni: mitumbwi ya wavuvi, mitumbwi ya makala, boti za mota za watu wa mjini waliokuja kupumzika. Tulipanda mtumbwi, tukawa kumi na wawili na mifuko ya unga. Ukingo ulibaki vidole vitatu tu juu ya maji. Mwenye mtumbwi akaita wawili tena.

Nikasema, "Baba, mimi nashuka."

Wakacheka. "Mwalimu anaogopa mayi!" Dada yangu aliona haya, lakini alishuka nami. Tuliungua jua saa nzima. Nawaambia ukweli: mtumbwi ule ulifika salama.

Mzee mvuvi aliyetuvusha baadaye alichukua watu watano. Alitukalisha chini kabisa, mizigo katikati. Mtoto alimfungia chini ya mikono bidoni tupu iliyofungwa vizuri, kwa kuwa jile za kuokoa hakuwa nazo. Boti ya mota ilipokuja, hakukimbilia kupita mbele yake. "Pua yake imeinuka," alisema, "anayeiendesha hatuoni." Aliacha kupiga kasia, akangoja ipite, kisha akaelekeza pua ya mtumbwi kwenye mawimbi, maana wimbi likipiga ubavuni linajaza maji. Nyavu alizizunguka kwa mbali. Na alitaka turudi mapema, kabla upepo wa mchana haujaamka.

Nilipokaa pale chini niliwafikiria watu wa boti Merdi. Tarehe 3 Oktoba 2024 ilitoka Minova, ikazama karibu na bandari ya Kituku, Goma, imejaa kupita kiasi. Watu wengi walikufa huku bandari wanaiona. Vita vilikuwa vimekata barabara. Wengi hawakuwa na njia nyingine. Mimi nilikuwa nayo: kungoja saa moja na kuchekwa.

Basi, kikundi chetu kikipanga safari ya maji, tukubaliane tukiwa bado nyumbani: mmoja akisema mtumbwi umejaa, wote tunashuka. Mama mmoja akishuka, watu wanamcheka. Wakishuka sita, mwenye mtumbwi anaona nauli yake inaondoka, na yeye mwenyewe atapunguza mzigo.