Kikuba cha Mji wa Kale

Treni ilitoka Nairobi asubuhi, ikakata Tsavo, ikatushusha Miritini mchana, jua la Mombasa likiwa kali. Ndiyo mara yangu ya kwanza kushuka pwani. Rafiki yangu wa chuoni alinialika kwao Mji wa Kale, na nilipomuuliza nimchukulie mama yake nini, alijibu bila kufikiri: kikuba.

Jioni akanipeleka kwa bibi mmoja aliyeketi barazani, vichochoro vichache kutoka Fort Jesus, sinia la maua mbele yake. Tulimwamkia, akaitikia, akaniuliza kabla hajagusa chochote:

“Wampelekea nani, mwanangu?”

“Mama yake huyu.”

“Mumewe yuko? Hayumo edani?”

Rafiki yangu akamtoa wasiwasi. Ndipo bibi akaanza. Aliweka kitawi cha mrehani, akapanga juu yake vipande vyembamba vya mkadi, kisha petali za waridi, na kuzunguka vyote akatunga asumini ambazo zilikuwa bado tumba. Uzi aliushika kwa meno. Alipomaliza alidondosha tone la marashi, akakifunga kikuba ndani ya jani la mgomba kisipate joto. Tumba zile, alisema, zitafunguka usiku, mwenyewe akiwa amekwisha kukivaa.

Mimi ni mtu wa Naivasha. Kwetu waridi hukatwa kabla halijachanua, hutiwa kwenye chumba cha baridi, husafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi, na sifa yake kubwa ni kukaa siku nyingi kwenye chombo cha maji. Harufu imepungua katika kutafuta uimara huo. Kikuba hakikusudiwi kufika keshokutwa. Ni cha usiku wa leo, cha kifua au nywele za mwanamke, na anayekitoa anamwambia: nyumba yako ina furaha, jipambe. Mume anayerudi na asumini mkononi hana haja ya kusema zaidi. Kwa sababu hiyohiyo mjane aliye edani hapelekewi. Miezi minne na siku kumi hajipambi wala hajitii manukato, na kumpa kikuba ni kumsahau marehemu mbele yake. Swali la bibi lilikuwa la heshima, na nililipenda kuliko hata harufu iliyojaa barazani pale.

Mama alikipokea kwa mikono miwili. Alifungua jani, akanusa, akafumba macho kidogo, akakibana kifuani kwa pini, akaniita mwanawe. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, naye kila akiinama kutupakulia, asumini zilinukia kupita chakula.

Baada ya kula alinyanyuka kumpelekea chai dada yake, aliyekuwa chumba cha ndani. Mlangoni alisimama, akachomoa pini, akakilaza kikuba juu ya jani lake mezani, ndipo akaingia. Shemeji yake alikuwa amefariki miezi michache nyuma.

Alipotoka alikivaa tena.

“Eda yake yaisha mwezi ujao,” aliniambia. “Ukija tena, mwanangu, pitia kwa yule bibi kwanza. Cha dada yangu mwambie akizidishe mawaridi, ndiyo ayapendayo.”