Pwani kwa Baiskeli

Katika vyombo vyote alivyobuni mwanadamu ili vimpunguzie taabu ya kwenda, sijui kingine kimwachacho mpandaji wake na nafasi ya kutazama kama baiskeli. Mwendo wake si wa haraka hata vitu vikapita kama ndoto, wala si wa kuchosha hata mtu akaona vidole vya miguu yake tu. Lakini sifa hiyo yategemea njia. Msomaji uliyepata kuendesha baiskeli katika barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi wajua nisemalo. Bahari ipo upande wako wa kulia, minazi ipo, mashamba ya mkonge ya Vipingo yapo, na kule Kilifi liko daraja refu na maji ya samawati chini yake, walakini huvioni. Macho yako yamefungwa katika ukingo wa lami, na masikio yanalinda kisogo, yakisikiliza lori linalokuja nyuma. Honi ikilia, washuka katika changarawe. Nimeipita njia hiyo mara nyingi tangu ujana wangu, na mpaka leo nayajua mashimo ya ukingo wake kuliko niijuavyo mandhari yake.

Kwa hiyo nataka kukusimulia habari za njia nyingine iliyo mbali na kwetu. Nchini Italia, katika jimbo la Liguria, karibu na mpaka wa Ufaransa, iko njia ya baiskeli yenye urefu wa kilomita 24 isiyokanyagwa na motokaa hata moja. Yaanzia mji mdogo wa San Lorenzo al Mare, yapita Santo Stefano al Mare, Riva Ligure, Arma di Taggia na Sanremo, yaishia Ospedaletti. Na karibu safari nzima bahari haikuachi.

Njia hiyo haikukatwa kwa ajili ya baiskeli. Ilikuwa reli. Milima ya nchi ile yashuka kwa ghafula mpaka majini, na ardhi iliyo sawa ni ukanda mwembamba tu. Reli ilipofunguliwa mwaka 1872 iliuchukua ukanda huo huo, ikapita baina ya nyumba za watu na mawimbi. Siwezi kusema kwamba haikuleta neema. Gari moshi lilileta wageni wenye mali waliokimbia baridi ya kaskazini, na mmoja wao, Alfred Nobel, ambaye tuzo mashuhuri zina jina lake, alifia Sanremo mwaka 1896. Lakini miji ile ilitengwa na bahari yake yenyewe. Kwa miaka 129 watu waliiona bahari ng'ambo ya vyuma.

Mwaka 2001 reli ilihamishwa ndani ya milima, ikapewa mahandaki mapya na njia mbili badala ya moja. Hapo ufuoni kukabaki utepe mtupu wa ardhi. Simama nami kidogo hapa, msomaji. Ardhi iliyo mbele ya bahari, katika nchi ya mahoteli na wageni wenye fedha, ambayo ghafula haina kazi! Hapana haja nikutajie ni watu wa namna gani huitamani ardhi kama hiyo, wala wangeifanyia nini. Badala yake, katika miaka iliyofuata, palilainishwa, pakatiwa lami, upande mmoja ukawa wa magurudumu na upande mwingine wa miguu, pakaachwa wazi kwa kila mtu.

Na reli iliyokufa, kwa bahati, ni urithi mwema kwa mwenye baiskeli. Gurudumu la chuma juu ya chuma haliwezi mlima mkali. Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani walilazimika kusawazisha njia, kuchimba vilima na kuzungusha kona polepole. Taabu yao imekuwa raha ya mtoto wa miaka minane na ya mzee mwenye magoti mabovu. Nilipanda huko asubuhi moja ya mwezi wa Aprili kwa baiskeli ya kukodi, nikielekea magharibi, bahari mkono wa kushoto, na kulia nyumba za vioo zinamopandwa maua. Bahari haikunishangaza, maana nimezaliwa nayo. Nilichostaajabia ni shingo za watu. Mama mmoja mtu mzima alikuwa na kikapu cha mikate mbele ya usukani. Watoto walikwenda wawili wawili wakizungumza. Na hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama nyuma.

Baina ya Sanremo na Ospedaletti njia yaingia katika handaki la zamani liitwalo Capo Nero, lenye urefu wa kilomita 1.75 hivi. Ndani ni baridi, na sakafuni na ukutani zimeandikwa habari za mashindano ya Milano hadi Sanremo, yaliyoanza mwaka 1907, ambayo mbio zake za siku moja hukaribia kilomita 300. Eddy Merckx wa Ubelgiji aliyashinda mara saba. Fausto Coppi alishinda mwaka 1946 akamtangulia wa pili kwa dakika 14. Mtu huyo ambaye milima haikumweza aliuawa na mbu: alipata malaria katika safari ya nchi ambayo leo ni Burkina Faso, akafa Januari 1960. Washindani hawaitumii njia yetu. Wao hupita barabara kuu na vilima vya juu yake. Wako hata hivyo vijana wenye nguo za kubana waendao pale kwa kasi ya mshale, wakiwapigia kengele waendao kwa miguu. Hao watafute vilima. Mimi niko upande wa yule mama mwenye mikate.

Huenda ukauliza yatuhusu nini. Reli yetu, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, iliipa bahari mgongo ikaenda bara, basi haikutuachia utepe wowote ufuoni. Lakini njia isiyo na motokaa tunayo. Maji yakipwa, mchanga ulio karibu na maji hukaza kama sakafu, na wauza samaki na vijana waendao kazini huupita kwa baiskeli. Bahari huifungua njia hiyo na kuifunga mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua huwa pana, wakati wa maji mafu huwa finyu. Chumvi hula minyororo, na mafundi wa baiskeli wa pwani hawalii njaa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, yasema kuwa ardhi iliyo baina ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Basi mchanga ni wako, msomaji, kama ulivyo wangu. Shida ni kuufikia, kwa kuwa sheria imetupa ukumbi, na mlango uko katika kiwanja cha mtu. Mahali pengi vijia vya wavuvi vimezibwa kwa kuta. Kimoja nilichokipita utotoni sasa kina lango na mlinzi. Mwaka jana nilifika hapo na baiskeli yangu. Kijana yule akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo, mzee," kisha akaniuliza namwendea nani. Nikamwambia naiendea bahari. Akacheka kidogo, akatazama chini, akasema hana ruhusa. Sikumlaumu, maana lango si lake. Nilizunguka kwa barabara kuu karibu nusu saa, nikishuka katika changarawe kila honi ilipolia, mpaka nikapata kijia kingine baina ya kuta mbili, na nilipotokea ufuoni maji yalikuwa yameanza kujaa.